Yai Nililolitia kwenye Uji wa Jirani

Nitaanza na wivu, kwa sababu nikianza na mtoto mtanihurumia, na huruma hiyo sitaki kuipata kwa njia za panya. Nilimwonea wivu mwanamke mmoja, jirani yangu wa ua mmoja kule Kizota, mpaka nikawa namwota. Hakuwa na chochote cha kumfanya mtu alale akijipinda kwa kijicho. Alikuwa na chumba kimoja, vitenge viwili, kikopo cha ugoro na mdomo usiojua kupamba maneno. Wivu wangu wote ulikuwa juu ya sufuria yake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Dodoma yalianza kujaa vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa watu waliosafiri: siagi ya kopo, maziwa ya unga, biskuti za kila rangi, sabuni za kunukia. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali. Mume wangu alikuwa dereva wa serikali, wiki mbili yuko barabarani na wakubwa, siku tatu yuko nyumbani. Tulipanga vyumba viwili kwenye ua wa wapangaji, ukuta kwa ukuta na karakana ya useremala. Msumeno wake wa umeme ulianza kulia mapema asubuhi na kunyamaza mafundi walipokwenda kula mchana, kisha ukaanza tena.

Tulikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka minne. Alikuwa hasemi. Ukimwita jina lake hageuki, lakini ukifungua karatasi ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Alikusanya visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, na kuvipanga mstari mmoja kutoka mlangoni kwetu hadi bombani, na mpangaji akikanyaga hata kimoja, kilio chake kilisikika mpaka barabarani. Msumeno ukilia aliziba masikio na kujigonga kichwa ukutani. Wengine walisema ni bubu, wengine walisema amechezewa na watu. Neno usonji sikulijua. Nilikuja kulisikia miaka mingi baadaye, kwenye semina ya wazazi, nikiwa nimekaa na kalamu mkononi, na nilipolisikia nililia mpaka jirani wa kiti akanipa leso.

Kutosema kwake ningekuvumilia. Kilichokuwa kinanimaliza ni kula. Alikula aina moja tu ya biskuti, ile ya karatasi nyekundu, na chai ya rangi iliyopoa. Biskuti ikiwa imemeguka pembe, haili. Ndizi akiigusa anafuta mkono kwenye gauni. Wali aliuogopa, hakika aliuogopa, alirudi nyuma kama nimemwekea mdudu. Mimi ni mtu wa migombani, kwetu Moshi mtoto hukuzwa kwa maziwa na mtori wa ndizi, na nilipika mtori wangu kwa machozi na kuumwaga kwa machozi. Nilinunua maziwa ya unga, nikanunua siagi ya kopo, nikanunua unga wa mtoto wenye picha ya mtoto mnene mweupe. Vyote tulivila mimi na baba yake.

Kliniki walikuwa na kadi yenye njia tatu: kijani, kijivu na nyekundu. Nukta ya uzito wa binti yangu ilishuka kijivu, ikaingia nyekundu. Nywele zake zikaanza kuwa za rangi ya vumbi. Muuguzi alinitazama viatu, akatazama mkoba wangu wa ofisini, akasema kwa sauti ya kusikiwa na benchi zima, "Mama, wewe mtumishi wa serikali kabisa, mtoto yuko kwenye nyekundu? Mpe mayai. Mpe maziwa. Au mnakula wenyewe?" Nilitoka pale nikiwa nimejifunika kanga usoni.

Msichana wa kazi tuliyekuwa naye alikaa wiki mbili, akasema mtoto huyu anamtisha, akaondoka. Hapo ndipo jirani alipoingia katika habari hii. Alikuwa Msandawe, ametoka ndani huko Kondoa, mtu mzima kunizidi, mama wa watoto sita waliokwisha kujitegemea. Kazi yake ilikuwa kukausha na kutwanga mlenda, ile mboga ya majani inayoteleza, na wanawake wa soko la Majengo walikuja kuuchukua. Kwa hiyo alishinda uani siku nzima. Alisema, "Mwache hapa. Nipo tu." Sikuwa na mwingine, nikamwacha.

Siku ya tatu nilirudi nyumbani mchana. Msumeno ulikuwa umenyamaza. Binti yangu alikuwa amechuchumaa karibu na mafiga ya jirani, bakuli la bati mikononi, anakunywa uji. Uji wa uwele, ule mzito wa kijivu, uliotiwa unga wa ubuyu. Alikunywa mpaka akalamba bakuli. Jirani alikuwa amempa mgongo, anachambua majani yake, anajisemesha kwa lugha ya kwao yenye kualika ulimi.

"Dada, umemfanya nini?" nikauliza.

"Sijamfanya kitu. Kaja, kakaa, kanywa."

Mama mwingine angepiga magoti amshukuru Mungu. Mimi nilihisi kitu kimenichoma hapa, chini ya titi. Uwele! Kwetu tukisikia habari za Dodoma tulisikia njaa, na uwele na mlenda tulivihesabu kuwa vyakula vya watu waliokosa. Nilikuwa nimetapakaza makopo ya ng'ambo kwenye kabati, na mwanangu anashiba kwa uji wa mwanamke anayefuta pua kwa pindo la kitenge.

Jumamosi nilikwenda Majengo mwenyewe. Nikanunua uwele uleule, nikasagisha mashine ileile, nikanunua ubuyu na bakuli la bati linalofanana na lake. Nikapika. Binti yangu alilitazama bakuli, akalizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi, akavuka ua kwenda kuchuchumaa kwa jirani. Nilimfuata na kijiko. Nikaimba, nikapiga makofi, nikafanya kijiko kuwa treni. Jirani hakugeuka hata kichwa. "Mwache," alisema. "Unapiga kelele kuliko huo msumeno wa jamaa."

Leo naelewa alichokuwa anafanya, ingawa yeye mwenyewe ukimuuliza angesema hafanyi kitu. Alipika kitu kilekile, saa ileile, mafundi walipozima msumeno. Aliweka bakuli chini, mahali palepale, akageukia kazi zake. Hakumtazama, hakumsifu, hakumbembeleza. Mtoto aliona uwele ukimwagwa, ubuyu ukimwagwa, mwiko ukizunguka. Kila kitu kilikuwa wazi. Lakini wakati ule sikuona hekima yoyote pale. Niliona mwizi.

Wivu ukishaingia hautoki kwa kupiga usingizi. Nilikuwa namwogesha mtoto mara mbili nikirudi kazini ili kumtoa harufu ya moshi na ugoro. Nikawa nachungulia dirishani wakati wa likizo yangu. Siku moja nikaona binti yangu, ambaye mimi nikimgusa anajikunja kama nimemchoma, amekaa kitako na kuegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa yule mwanamke. Jirani aliendelea kuchambua mlenda wala hakutikisika. Walikaa hivyo mpaka jua likawafuata. Nilifunga pazia, nikakaa kitandani, nikamchukia. Nilimchukia waziwazi, kwa jina lake na la baba yake.

Nukta kwenye kadi ilipanda. Ilitoka nyekundu, ikavuka kijivu, ikakaribia kijani. Nywele zikarudia weusi wake. Kugonga kichwa kukapungua, na akawa analala mchana bila kushtuka. Muuguzi yuleyule alinipongeza mbele ya benchi lilelile. "Hongera mama! Haya waambie wenzako, unampa nini?"

Nikasema, "Uji wa lishe. Naupika mwenyewe."

"Unatia na yai?"

"Natia."

Maneno yalitoka yenyewe, matamu kabisa. Wanawake wakanitazama kwa heshima. Njiani kurudi nilijiambia uongo ule si mkubwa, kwamba ningeweza kuugeuza kuwa kweli. Kitu kidogo tu cha kwangu kiingie kwenye sufuria ile. Muuguzi alisema yai, basi yai. Mtoto akiingia kwenye kijani, itakuwa ni yai langu lililomwingiza. Naandika haya na bado uso unapata moto.

Ilikuwa Jumanne, nimeomba ruhusa ofisini nikisingizia tumbo. Nilipasua yai ndani kwangu, nikalipiga kwenye kikombe, nikalificha chini ya pindo la kanga. Jirani alikwenda bombani na ndoo. Sufuria ilikuwa inatokota. Nikainama, nikamimina, nikakoroga kwa mwiko wake mara tatu, nne. Uji ulikuwa wa kijivu, yai likapotea. Hapakuwa na mtu uani ila binti yangu, hatua mbili kutoka hapo, anapanga visoda.

Wala sikumjali. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yai. Kwa kuwa hasemi, nilidhani haoni. Kwa kuwa hanitazami machoni, nilidhani hanitazami mikono.

Jirani alirudi, akatia ubuyu, akapakua, akaweka bakuli chini. Binti yangu alichukua, akanusa, akagusisha ulimi. Kisha akaliweka bakuli chini polepole sana, kama kitu kinachoweza kulipuka. Hakulia. Aliondoka, akaenda kukaa ndani na uso ukutani. Jirani alionja uji, akakunja uso, akasema labda sufuria haikuoshwa vizuri. Mimi nilisema, "Labda."

Kesho yake hakwenda mafigani. Kesho kutwa hakwenda. Nilijaribu biskuti za karatasi nyekundu, akazinusa, akaziacha. Nadhani kwake chakula chote kilikuwa kinapitia mlango mmoja, na sasa mlango huo umefungwa. Chai tu, vijiko vichache. Jirani alibadilisha sufuria, alichota maji mengine, alipika mbele yake mara mbili kwa siku. Nilimwona akihangaika na sikufungua mdomo.

Mume wangu alirudi kutoka safari siku ya nne, akakuta mtoto amelegea. "Alikuwa anakula kwa nani?" akauliza. Nikaonyesha kwa kidevu. Alitoka uani na hasira zake za kutwa nzima ya usukani. Akamwuliza jirani, mbele ya wapangaji wote, amempa nini mtoto, ni dawa gani za kwao alizoweka. Jirani alichota uji kwenye sufuria, akanywa bakuli zima amesimama, akamtazama. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, sentensi moja tu. Nikarudi ndani kufunga vitu vya kwenda hospitali.

Walimlaza, wakamtundikia dripu. Daktari alisema maji yamepungua sana mwilini, na kwamba tukichelewa tena asingeahidi kitu. Binti yangu alilala akitazama ukuta. Sindano ilipomwingia hakupiga kelele, na hilo lilinitisha kuliko kelele zote alizowahi kupiga.

Siku ya pili, saa ya kuona wagonjwa, jirani alikuja. Baada ya kutukanwa kote kule, alikuja kwa miguu, ameshika chupa ya chai iliyojaa uji. Mume wangu alikuwa amekwenda kazini. Nilikuwa nimesinzia kando ya kitanda, nikaamka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Anaendeleaje?"

Alimimina kidogo kwenye kifuniko, akaweka karibu na mto, akageuka upande kama kawaida yake. Mtoto alikisukuma kifuniko kwa kidole kimoja, uji ukamwagika kwenye shuka. Jirani alifuta kwa kitenge chake. "Sijui nimemkosea nini huyu," alisema. "Nimefikiri usiku na mchana. Sijui."

Hapo ndipo nilipovunjika. Si wema ulionivunja, ni kuona kwamba alikuwa anaumia kama mimi, na kwamba hata hilo nililionea wivu kwanza kabla ya kuona aibu.

"Dada, ni mimi," nikasema. "Nilitia yai."

"Yai?"

"Kwenye sufuria yako. Jumanne, ulipokwenda bombani."

Alitoa kikopo cha ugoro, akakumbuka yuko wodini, akakirudisha.

"Kwa hiyo mumeo kanitukana mbele ya watu wote, na wewe umesimama mlangoni unajua."

"Nilijua."

Aliinuka, akachukua chupa yake, akafika mlangoni. Nikadhani ndiyo basi. Akarudi mpaka kitandani, akainama karibu na uso wangu.

"Ungesema tu. Ningekupa mwiko ukoroge mwenyewe, mimi nikakaa pembeni. Mtoto ni wako. Uji ni wa kuchemsha tu. Nilikuwa na nini cha kukunyima?"

Nikaikunja shuka iliyomwagikiwa uji.

"Mkitoka hapa," akasema, "asubuhi bombani, watu wakiwa wamepanga ndoo, utasema. Usiposema, usinipite mlangoni."

Nikasema. Mtoto aliporuhusiwa, kesho yake asubuhi, ndoo zimepangwa mpaka kwenye choo, nilisimama na kusema nilichofanya, kuanzia kikombe hadi kanga. Mwanamke mmoja alicheka. Mwingine alisema, "Astaghfirullah." Mume wangu alisikia akiwa ananyoa ndevu, akatoka na povu shavuni kwenda kumwomba jirani radhi. Kwa wiki nzima wapangaji walifunika sufuria zao nikipita, kwa utani, na kila kifuniko kilichogonga nilikisikia.

Jirani alisema ule uji umekwisha kwa mtoto yule, tusimlazimishe. Tupike kingine. Akachagua ugali wa uwele na mlenda. Alimwaga unga chini kwenye ungo, mbele ya mtoto. Mlenda akauweka kwenye sahani, mbele ya mtoto. Chumvi vivyo hivyo. Mimi aliniamuru nikae kwenye kigoda hatua tano kutoka hapo, kanga nimeifunga nyuma shingoni, mikono juu ya magoti, viganja wazi. "Na unyamaze," akasema. Nilikaa siku tatu mchana, nimenyamaza, viganja juu kama mtu anayesubiri mvua, wapangaji wakipita. Mtoto alikunywa chai na kukubali biskuti mbili. Ugali hakugusa.

Siku ya nne msumeno uliponyamaza, alitoka ndani. Hakwenda mafigani. Alikuja kwangu. Binti yangu, ambaye katika miaka yake yote hakuwahi kunijia isipokuwa nimeshika biskuti, alisimama mbele yangu. Akachukua mkono wangu wa kulia, akafungua vidole kimoja kimoja, ingawa vilikuwa wazi, akatazama, akanusa. Akafanya hivyo wa kushoto. Kisha akainua pindo la kanga yangu, akachungulia chini yake, akaliachia. Akaenda akachuchumaa penye sahani, akakata tonge dogo, akachovya mlenda, akala.

Jirani alinikonyeza. Mimi nilikuwa nalia bila sauti, kwa kuwa nilikuwa nimekatazwa kelele.

Kutoka hapo tulikwenda polepole, kitu kimoja kwa miezi. Karanga alizikubali baada ya kuziona zikikaangwa. Maziwa aliyakubali baada ya kuona ng'ombe akikamuliwa. Kwenye semina nimekutana na watu wanaouza unga wa kutibu, wengine wanasema toa hiki, ongeza kile, na mtoto atasema. Sibishani nao. Mimi sijaona chakula kilichomfanya binti yangu aseme. Nimeona chakula kilichompa nguvu ya kukaa, kulala, kucheza, na kuniacha nimsuke nywele mpaka mwisho, na nimeona pia chakula kikimlaza hospitali kwa sababu kilipitia mkononi mwangu kwa siri.

Sasa ni mwanamke mzima. Anapika uwele wake mwenyewe, anakula hata yai, mradi amelimenya yeye. Lakini kila nikimwandalia mimi, kabla hajagusa sahani, huchukua mikono yangu yote miwili, hufungua vidole, hutazama ndani. Wageni wakiona husema, jamani, tazama anavyompenda mama yake. Huwaambia ndiyo. Jirani yangu alikaa nasi miaka mitatu zaidi kabla ya kurudi kwao Kondoa. Alimpakulia karibu kila siku ya miaka hiyo, nami nilikuwa nikiangalia, na sikuona hata mara moja binti yangu akimfungua mkono.